Asidi Iliyofichwa Ndani ya Chupa ya Maji

Geuza chupa tupu ya maji ya kunywa uangalie kitako chake. Katikati pana kinundu kidogo, na pembeni yake pembetatu ya mishale yenye namba 1. Kinundu hicho ni kovu la mahali plastiki moto ilipoingizwa kwenye kalibu, wakati chupa ilikuwa bado kijibomba kinene chenye shingo na meno ya kufungia kifuniko. Baadaye kijibomba hicho kikapashwa moto, kikavutwa kwa urefu na kupulizwa hewa mpaka kikawa chupa. Namba 1 nayo inatuambia kwamba plastiki hiyo ni PET, na sehemu kubwa ya PET imetokana na asidi moja, asidi ya tereftaliki. Hesabu ya kemia inaonyesha kwamba kilo moja ya PET ikivunjwa yote hurudisha takriban gramu 865 za asidi hiyo. Katika mazungumzo yetu ya kila siku chupa hii hutiwa kapu moja na mfuko wa rambo, ndoo, sahani na kiti cha plastiki, kana kwamba vyote ni kitu kimoja kisichooza. Kikemia si kweli. Marufuku ya mifuko, ya Rwanda mwaka 2008, ya Kenya mwaka 2017 na ya Tanzania Bara na Visiwani kwa nyakati zake, ililenga hasa polithini, ambayo uti wake ni kaboni iliyoshikana na kaboni kutoka mwanzo hadi mwisho na haina mahali pepesi pa kuifungulia. PET inapo. Nitakachotetea hapa ni kwamba asidi iliyoijenga inaweza kutolewa tena ikiwa kamili kama ilivyoingia, na kwamba jambo hilo linapaswa kubadilisha namna tunavyoipanga taka hii, ingawa si kwa njia ambayo washabiki wake wanaitangaza.

Tuianze asidi yenyewe. Katikati yake pana pete ya atomu 6 za kaboni, pete ya benzeni, na juu ya pete hiyo yamebandikwa makundi mawili ya kaboksili, yaani kundi lilelile linaloifanya siki iwe kali. Ajabu yote iko kwenye mahali yalipobandikwa. Makundi hayo yanatazama pande mbili zilizo kinyume kabisa, kama mizigo miwili kwenye ncha za mzega. Ndugu zake wawili wana atomu zilezile kwa idadi ileile, lakini mizigo imekaa vingine: kwa asidi ya ftaliki makundi yapo jirani, na ukiipasha moto yanatoa maji na kuungana, kwa asidi ya isoftaliki yapo upande upande, na hiyo huyeyuka kwa joto la karibu nyuzi 345 za Selsiasi. Tereftaliki haiyeyuki katika hali ya kawaida. Kwa kuwa kila molekuli imenyooka na inashikwa na mwenzake kwa ncha zote mbili, zinajipanga misururu mirefu iliyobanana, na ukizidi kuchochea moto, unga ule mweupe unageuka mvuke bila kupita kwenye umajimaji, kwenye nyuzi 400 hivi. Maji nayo hayaiwezi: lita nzima ya maji ya kawaida haichukui hata miligramu 20. Mtaalamu wa maabara anayetaka kuiyeyusha hutumia vimiminika kama DMSO, ambayo hupokea takriban gramu 20 za asidi kwa kila gramu 100, au huiingiza kwenye alkali iwe chumvi yake, ambayo maji huipokea vizuri. Sifa hii ya mwisho tutaihitaji mbele.

Ukaidi huo ndio uliofanya asidi hii ikae karibu karne nzima bila kazi. Mfaransa Amédée Cailliot aliipata mwaka 1846 kwa kuichoma tapentaini na asidi ya nitriki, na wanakemia wakaiweka kwenye orodha zao kama unga usioyeyuka wala kuyeyushwa. Miaka ya 1930, Wallace Carothers na wenzake wa kampuni ya DuPont, Marekani, walikuwa wanatafuta nyuzi za kutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha asidi na pombe. Walitumia asidi zenye minyororo laini, zisizo na pete, na poliesta walizopata zililegea kwa joto dogo kiasi kwamba nguo yake isingevumilia pasi. Carothers akaiacha njia hiyo, akaenda kwenye nailoni. Waliorudi nyuma kuangalia alichoacha ni Waingereza wawili, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, waliokuwa wakifanya kazi katika chama cha wachapaji vitambaa cha Manchester. Mwaka 1941 waliweka asidi ya tereftaliki mahali pa zile asidi laini, wakaiunganisha na glikoli ya ethilini, na ikapatikana poliesta inayoyeyuka kwenye nyuzi 250 na zaidi. Fimbo ngumu iliyonyooka ilikuwa imeingia kwenye mnyororo na kuukaza. Uingereza kitambaa hicho kikaitwa Terylene, Marekani Dacron. Chupa ilikuja baadaye sana. Hataza yake ilitolewa mwaka 1973 kwa jina la Nathaniel Wyeth, mhandisi wa DuPont.

Lakini kati ya nyuzi na chupa palikuwa na kizingiti ambacho wasimulizi wengi hukiruka. Mnyororo wa polima hukua kwa molekuli kushikana mkono kwa mkono, na molekuli yenye mkono mmoja tu ikiingia, mnyororo unaishia hapo. Asidi ya tereftaliki ilikuja na uchafu wa aina hiyo hasa: molekuli ambazo upande mmoja umekamilika kuwa kaboksili na upande wa pili umeishia njiani. Kitu kisichoyeyuka wala kuchujika kwa urahisi unakisafishaje? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa ni kuzunguka, yaani kuigeuza asidi iwe esta ya methili, ambayo inaweza kukenekwa, na kutumia hiyo badala yake. Mwaka 1955 njia mpya ikapatikana Marekani: paraksilini ya petroli inapulizwa hewa ndani ya asidi ya siki kwenye joto la nyuzi 175 hadi 225, ikichochewa na kobalti, manganizi na bromini. Baadaye ikaongezwa hatua ya usafishaji kwa haidrojeni chini ya shinikizo, na ule uchafu wa mkono mmoja ukashuka hadi chini ya sehemu 25 kwa milioni. Leo viwanda vya dunia, vingi vikiwa Asia na hasa China, vinatoa zaidi ya tani milioni 80 za asidi hiyo safi kwa mwaka. Sehemu kubwa haiwi chupa. Inakuwa nguo: madera, sare za shule, vitenge vya bei nafuu, mapazia, na zaidi ya hapo malori ya mitumba. Hili nalo tulishike, maana kila mjadala wa PET huanza na kuishia kwenye chupa.

Pete ya benzeni haikazi mnyororo tu. Inakula mwanga pia. Miale ya urujuanimno yenye nguvu zaidi, ile iliyo chini ya nanomita 320 hivi, humezwa na PET, lakini ile iliyo laini zaidi inapita. Ndiyo maana njia ya kusafisha maji kwa jua inawezekana kwenye chupa hizi: maji yasiyo na tope huachwa juani saa 6, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu, na miale iliyopita ikisaidiana na joto huua vijidudu vingi vya kuharisha. Jaribio la kwanza kubwa la njia hiyo kwa watumiaji halisi lilifanywa kwa watoto wa Kimaasai nchini Kenya, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1996. Kuharisha kulipungua. Hakukukoma, na hakuna aliyeahidi kwamba kutakoma, ila kwa jamii isiyo na kuni za kutosha za kuchemshia maji, chupa iliyotupwa ilifanya kazi ya dawa.

Hapa huja pingamizi la kwanza, nalo ni la afya. Watu wengi wamesikia kwamba plastiki ina "ftaleti" zinazovuruga homoni, na jina la asidi yetu linafanana na neno hilo mno. Ftaleti zinazolalamikiwa ni esta za yule ndugu wa kwanza, asidi ya ftaliki, zenye kazi ya kulainisha plastiki ya PVC, kama ile ya mipira ya maji na sakafu za mkeka. Zenyewe hazijafungwa kwenye mnyororo. Zimechanganywa tu, ndiyo maana huvuja. Katika PET tereftaliki ni pingili ya mnyororo wenyewe, na plastiki hiyo haihitaji kilainishi. Wala haina bisfenoli A. Kinachostahili kuulizwa ni antimoni, madini yanayotumika kuchochea muungano wa PET, ambayo hubaki kidogo ndani yake na hutoka zaidi chupa ikikaa kwenye joto kali muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa miligramu 0.02 za antimoni kwa lita ya maji ya kunywa, na maji ya chupa iliyotunzwa vizuri kwa kawaida huwa chini sana ya hapo. Katoni zinazopangwa juani mbele ya duka ni habari nyingine, na muuza duka anayezifunika anafanya jambo la maana kuliko onyo lolote linalosambazwa kwenye simu.

Asidi yenyewe ikiwa unga ina sumu ndogo. Huwasha macho na njia ya hewa, basi anayeipima maabara huvaa miwani na barakoa na hupima taratibu ili isitimke. Panya waliolishwa chakula chenye asilimia kadhaa ya asidi hii walipata vijiwe kwenye kibofu, kwa sababu mkojo ulijaa chumvi ya kalisi na tereftaliki isiyoyeyuka, na wengine wakapata uvimbe uliotokana na vijiwe hivyo kukwaruza. Kwa viwango vidogo ambavyo havifikii kutengeneza kijiwe, madhara hayo hayakuonekana. Hatari ya kiwandani ni ya aina nyingine kabisa. Vumbi lake, kama vumbi la unga wa ngano au la sukari, likitanda hewani na kukutana na cheche, hulipuka. Mabomba yanayolisafirisha huunganishwa na ardhi ili umeme tuli usijikusanye, na mara nyingi hujazwa naitrojeni badala ya hewa. Jeshi la Marekani kwa upande wake liliona faida katika asidi hii kugeuka mvuke na kurudi kuwa chembe nyeupe: kopo lake la moshi wa mazoezi la M83 hutumia asidi ya tereftaliki badala ya mchanganyiko wa zamani wa zinki, uliokuwa unawadhuru askari mapafu.

Watafiti wanaipenda kwa sababu ileile waliyoipenda Whinfield na Dickson: ni fimbo ngumu yenye ncha mbili zinazoshika. Mwaka 1999 Omar Yaghi na wenzake walichapisha kazi ambamo fimbo hizo zilishika vifundo vya zinki na oksijeni kila ncha, zikajenga kitu kinachofanana na jukwaa la mafundi wa majengo, tupu katikati. Kitu hicho, MOF-5, kina eneo la ndani linalozidi mita za mraba 2,000 kwa gramu moja, yaani karibu nusu ekari ndani ya unga unaokaa kwenye kijiko. Udhaifu wake ni unyevu wa hewa, unaoubomoa. Mwaka 2008 watu wa Chuo Kikuu cha Oslo wakatumia asidi ileile na kuweka zirkoni mahali pa zinki. Wakapata UiO-66, inayostahimili maji na joto. Mwaka 2025 Yaghi, Susumu Kitagawa na Richard Robson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa msingi wa fani hiyo nzima, inayolenga kuhifadhi gesi, kunasa hewa ya ukaa na kuchuja sumu. Matumizi mengine ni madogo lakini yamenivutia zaidi. Chembe kali za hidroksili, zinazozaliwa maji yanapopigwa na mionzi au mawimbi makali ya sauti, huishi muda mfupi mno kuweza kuonekana. Ukiweka chumvi ya tereftaliki kwenye maji hayo, chembe ikiigonga pete huacha alama juu yake, na molekuli iliyopigwa alama huanza kung'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno. Mng'ao ukipimwa, chembe zimehesabika.

Sasa turudi kwenye mahali pale pepesi pa kuifungulia PET, yaani mlango wake. Pingili za tereftaliki na glikoli zimefungwa kwa kifungo cha esta, na kifungo cha esta hufunguka kwa maji yakisaidiwa. Vipande vya chupa vilivyokatwa vidogo, vikichemshwa kwa saa kadhaa kwenye kostiki soda (kazi ya maabara yenye glavu, miwani na hewa ya kutosha, si ya jikoni), hupungua mpaka vinaisha, na kimiminika kinabaki safi kama maji. Kichujwe, kitiwe asidi kidogo kidogo: ghafla kinageuka cheupe kama tui, na tui hilo likituama ni asidi ya tereftaliki. Viumbe hai nao wamekwisha kuugundua mlango huo. Mwaka 2016 Wajapani walitangaza bakteria aliyepatikana kwenye mji wa Sakai, wakamwita Ideonella sakaiensis. Hutoa vimeng'enya viwili, kimoja kinakata mnyororo na cha pili kinamalizia vipande. Mwaka 2020 timu ya Toulouse na kampuni ya Carbios ilionyesha kimeng'enya kilichoboreshwa kinachovunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10 kwenye nyuzi 72. Watafiti wa Edinburgh wakaenda mbele zaidi: mwaka 2021 walitumia bakteria kugeuza asidi hiyo kuwa vanilini, na mwaka 2025 kuwa parasetamoli.

Habari za namna hii zikifika magazetini huwa tayari zimeshaongezewa chumvi, na wakosoaji wana haki ya kuuliza maswali. La kwanza: bakteria wa Sakai alihitaji takriban wiki 6 kumaliza utando mwembamba wenye mpangilio hafifu, ilhali ubavu wa chupa umevutwa na kupangika, na kimeng'enya hakipenyi hapo kwa urahisi. Ni kweli, ndiyo maana njia ya Carbios kwanza huyeyusha PET, huipoza ghafla na kuisaga. La pili ni zito zaidi. Kila asidi inayotoka inachachusha tangi, na kimeng'enya hakifanyi kazi kwenye uchachu, hivyo lazima kutiwa alkali wakati wote. Kisha mwishoni lazima kutiwa asidi kali ili tereftaliki itoke kwenye chumvi yake. Fanya hesabu: kwa kila kilo ya PET zinakwenda takriban gramu 417 za kostiki soda, na zinabaki gramu 740 za salfeti ya sodiamu, chumvi ambayo soko lake ni dogo. Njia isiyokuwa na dawa ya tatizo hilo inabadilisha taka moja kwa nyingine. La tatu ni bei: asidi mpya ya petroli inatoka kwa wingi mno kiasi kwamba anayeitoa kwenye taka anashindana na bidhaa ya bei ya chini kabisa. Ujenzi wa kiwanda cha Carbios kule Longlaville, Ufaransa, ulisogezwa mbele mwishoni mwa 2024 kwa kusubiri fedha zaidi, na hilo si jambo la kupuuzwa na yeyote anayedhani sayansi ikishafaulu kazi imekwisha.

Haya yote nayakubali, na bado sidhani yanaiangusha hoja. Yanaielekeza mahali pake. Chupa safi isiyo na rangi haihitaji kurudishwa kuwa asidi. Inasagwa, inaoshwa, inakaushwa mpaka unyevu unabaki chini ya sehemu 50 kwa milioni, inayeyushwa, inakuwa chembe mpya. Ukaushaji huo ni wa lazima kwa sababu ileile ya mlango wa esta: tone la maji ndani ya plastiki iliyoyeyuka hukata minyororo, na chupa inayotokana nayo huwa dhaifu. Kwa gharama ya nishati hakuna kimeng'enya kitakachoishinda njia hiyo, na hata nchi zetu, ambazo kwa kawaida huingiza resini kutoka nje, zinaweza kuifanya na baadhi tayari zinaifanya. Anayeokota chupa Kariakoo au Gikomba analijua soko kuliko wengi wanaoliandikia: nyeupe ina bei, ya rangi ina bei ya chini, iliyo na mafuta ya kula au chapa iliyogandia haitakiwi. Kosa ni kuanza kuota viwanda vya vimeng'enya kwa ajili ya chupa ambayo mashine ya kusaga inaitosha.

Mahali pa kemia ni kwenye mabaki yale ambayo mizani ya mnunuzi inayakataa: chupa za rangi, trei za vyakula zenye tabaka mbili tatu, na zaidi ya vyote nguo. Dera la poliesta lililochakaa huwezi kuliyeyusha likawa uzi mpya, kwa sababu lina rangi na dawa za kiwandani, na mara nyingi limechanganywa na pamba au nyuzi za kuvutika. Ukilivunja hadi asidi, rangi hubaki nyuma kwenye kimiminika na pamba huchujwa ikiwa nzima au ikiwa sukari, kutegemea njia. Kinachotoka ni unga uleule mweupe, usio na kumbukumbu ya dera. Maskani ya nguo hizo yanajulikana pia. Marobota yanayoshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam yana poliesta nyingi, na nguo zisizouzika huishia jalalani au motoni. Wanaotunga kanuni za wajibu wa mzalishaji, kama zile zinazotokana na sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka, bado wanapima ufungashaji zaidi ya kitambaa, ilhali kikemia ni asidi ileile, na ya kitambaa ndiyo nyingi.